Jiwe la Kamba Nyeusi

Hakuiangusha. Nyie mlioshinda wiki nzima mnabishana kama Shunpei aliiachia riksho ibiringike mteremkoni na yule mama ndani yake, tulieni. Mikono ilimlegea, gurudumu la kushoto likagonga ukingo wa mfereji, mama akaruka kwenye kiti. Lakini hakuiangusha.

"Umesema binti wa nani, mama?" aliuliza bila kugeuka.

"Wa Okuda, mtengeneza tofu wa kule Shirakawa," Bi Kinuyo, abiria wake, alijibu, sauti laini kama anaazima chumvi. "Chizuru. Saa kumi na moja nakwenda kumposea mpwa wangu. Mbona umesimama? Au umechoka?"

Chizuru. Chizuru wake!

Kama wewe ndiyo kwanza unaingia, sikia haraka haraka. Shunpei ni kijana wa Tosa, huko pwani ya kusini ambako watu wakisalimiana unadhani wanagombana. Anavuta riksho, kile kigari cha abiria cha magurudumu mawili, mjini Kyoto. Anampenda Chizuru, Chizuru anampenda. Tatizo ni Mzee Okuda, baba yake, muuza hiyo tofu, jibini la soya. Mzee hakutaka hata kumwona, kwa sababu Shunpei hana mtu wa kumtambulisha, na mtu asiye na wa kumtambulisha katika mji huu ni upepo tu unaopiga mlango.

Chizuru akagoma kula. Mzee akalegea kidogo. Akasema atamsikiliza huyo kijana mara moja tu, leo, kuanzia saa kumi, kabla ya wageni rasmi. Chizuru akatoa ishara ambayo Kyoto yote inaijua: "Baba akiwa tayari, nitamwaga maji kwenye mawe ya mlangoni. Ukikuta mawe yana maji, pita. Ukikuta yamekauka, usijisumbue."

Na hilo jua la Agosti, jamani, linakausha jiwe kabla hujamaliza kupiga chafya.

"Basi mama," Shunpei alisema, "si nikupeleke huko huko sasa hivi?"

"Sasa hivi? Nifike mapema kama mtu anayedai? Mpwa wangu amenipangia siku yote. Hekalu kwanza. Halafu lile jiwe. Halafu kahawa. Amesema nisikose hata kimoja." Akajipepea. "Unavuta vizuri sana, kijana. Mawe yote ya mtaa huu mgongo wangu umeshayajua moja moja."

Hiyo ndiyo Kyoto. Anakutukana, wewe unashukuru.

Angeweza kumtelekeza pale pale akakimbia. Lakini asubuhi bosi alimshika ukosi mbele ya wenzake: "Ukimwacha abiria mwingine njiani, vua koti langu uende zako." Sasa angemwambia nini Mzee Okuda? Nipe binti yako, kazi sina, koti sina, ila nina miguu?

Akavuta.

Hekaluni Bi Kinuyo alivua viatu, akaingia, akakaa kwenye ubao wa baraza kuutazama mchanga uliochorwa mistari. Akautazama. Akaendelea kuutazama. Shunpei, nje ya lango, alimwona kupitia uwazi wa ukuta, hatikisiki, kama na yeye kapandwa pale na mtunza bustani.

"Mchanga!" alinong'ona kwa hasira. "Anatazama mchanga!"

"Sura gani hiyo, Tosa? Umelamba limau?"

Alikuwa Daigo, mwenzake wa kampuni moja, mtoto wa mji huu huu. Ndiye aliyemfundisha Shunpei kazi, njia na lugha ya wateja. Riksho yake tupu, kofia ya majani ameivuta mpaka puani.

"Mbona umejificha hivyo?"

"Jua, bwana. Haya, sema."

Shunpei akamwaga yote. Daigo akapiga mluzi.

"Yaani shangazi wa mposaji umembeba wewe? Wewe bahati yako imepikwa na adui."

"Namwacha. Nakimbia sasa hivi."

"Uvuliwe koti? Tumia akili. Hakuna kitakachosemwa pale bila huyu mama. Umeshaona wapi mtu anaposa bila mkubwa wake kufungua mdomo? Huku si kwenu Tosa. Kadiri anavyochelewa, wewe unazidi kuwa salama. Mwache atazame mchanga mpaka aote mizizi."

"Na maji je? Yatakauka, mzee atasema sikuja."

"Mimi nipo. Napita Shirakawa sasa hivi. Nitamwambia Chizuru aendelee kumwaga mpaka ufike."

Shunpei alitaka kumkumbatia. "Utanifanyia hivyo kweli?"

"Mimi nani kwako?"

"Ndugu yangu."

"Sasa unauliza nini?" Daigo akacheka, akalitazama turubai la kivuli la riksho ya Shunpei, limelegea upande mmoja. "Na hili litamwangukia mama wa watu." Akachomoa kamba nyeusi mfukoni, akalifunga kwa lile fundo lake, masikio mawili kama ya sungura, moja limekunjwa kwa ndani. Pale kampuni walishamwomba awafundishe, akagoma. Lilikuwa lake.

Viatu vya mbao vikasikika kwenye kokoto. Daigo hakungoja kusalimia. Akanyanyua riksho yake, akakata kona, akapotea.

"Mchanga mzuri sana," alisema Bi Kinuyo akipanda. "Sasa lile jiwe."

Lile jiwe mnalijua. Kubwa kama gari dogo, limebandikwa vikaratasi vya maombi mpaka linafanana na kondoo ambaye hajanyolewa tangu azaliwe, na chini kuna tundu la kupita mtu kwa kutambaa. Ukipita kutoka mbele kwenda nyuma unakata uhusiano mbaya. Ukirudi kutoka nyuma kuja mbele unafunga uhusiano mwema.

"Shika mkoba," Bi Kinuyo alisema. "Nimesikia huyo msichana ana kijana anamzungukazunguka. Mtu wa kuja, hana hata wa kumtambulisha. Huyo namkata kwanza, halafu namfunga wangu."

Shunpei alisimama na mkoba wa mwanamke mkononi, akiangalia mtu anatambaa kwenda kumkata. Kichwa kikaingia. Kimono cha bei mbaya kikaingia. Nyayo nyeupe zikaingia. Mama akatokea upande wa pili, anahema, anatabasamu.

"Amekatika!" akatangaza.

Shunpei akaubana mkoba kwapani.

Bi Kinuyo akageuka, akaingia tena, safari hii ya kurudi, ya kufunga. Kichwa kikatokea. Mabega yakatokea. Halafu hakikutokea kingine. Ule mkanda mpana wa kiunoni, na mto wake mgongoni, ulikuwa umeng'ang'ania kwenye tundu.

"Kijana," aliita taratibu. Halafu, "Kijana! Wewe wa riksho!"

Foleni ya wasichana nyuma ikaanza kucheka.

"Kaka, mvute bibi yako!"

"Nasi tuna wanaume wa kuwakata, ujue! Tunasubiri!"

Shunpei akainama. "Nikusukume urudi nyuma, mama?"

"Nyuma? Unataka unifungulie yule mtu niliyemkata? Vuta mbele!"

"Lakini nyuma ni rahisi..."

"Vuta!"

"Vuta!" foleni nzima ikapokea.

Angefanyaje? Alimshika mikono, akaweka mguu mmoja kwenye jiwe, akavuta. Kila alipovuta alijua anavuta nini. Anavuta harusi ya mwenzie. Mama akafyatuka kama kizibo, vikaratasi vya maombi ya watu vimemganda nywelani, wasichana wakapiga makofi.

"Imefungwa!" alisema Bi Kinuyo, akijipangusa. "Mpwa wangu na Chizuru. Na kwa mikono yako, kijana. Siku ya harusi nitakukumbuka."

Shunpei akamrudishia mkoba wake. Angejibu angetukana, na wale kina dada wangepiga picha.

Ikaja kahawa. Mgahawa wa zamani mtaa wa Ninenzaka, juu ya ngazi, mlango mdogo hata kichwa lazima uinamishe. Mama alikataa kunywa peke yake. "Kaa. Jasho lako linanipa kiu mimi."

Mwenye mgahawa alimimina maji ya moto juu ya kahawa tone moja. Akangoja. Tone jingine. Akainama kulisikiliza, akangoja tena. Nje, kivuli cha mnara wa Yasaka kilikuwa kimeshalala juu ya mapaa.

"Mama," Shunpei alishindwa, "hiyo kahawa inapikwa au inazaliwa?"

Mwenye mgahawa akashtuka, tone likaenda pembeni. Bi Kinuyo akacheka mpaka akafunika mdomo kwa mkono wa kimono.

"Unanikumbusha mpwa wangu. Na yeye hana subira. Wazazi wake walitaka awe daktari wa meno, akatupa vitabu akatoroka nyumbani. Kazi anayofanya hata mimi hataki kuniambia. Nimemlea mimi yule. Mwezi uliopita akanijia: shangazi, nimepata msichana, tofu anaishika kama anashika mtoto. Nikalia kwa furaha."

"Basi nyumbani kwa msichana watakusubiri wewe," Shunpei alisema, akijipa moyo. "Bila wewe hakisemwi kitu."

"Aa, mimi ni pambo tu." Akanywa kidogo. "Amesema hawezi kungoja mkubwa amsemee. Ataingia mwenyewe saa kumi, aseme mwenyewe, mimi nikifika niwe wa kumalizia. Vijana wa siku hizi! Hiyo saa kumi si ndiyo sasa, au imepita?"

Kikombe cha Shunpei kiligonga meza, kahawa ikamwagikia goti. Hakuisikia.

Anaingia mwenyewe! Hakuna cha mkubwa, hakuna cha desturi. Ule ukuta ambao Shunpei alikuwa ameuegemea tangu hekaluni haukuwepo kabisa!

"Panda, mama. Twende."

"Sijamaliza."

"Mama, nakuomba, panda!"

"Kijana, mbona unanipigia kelele mbele ya watu?"

"Kwa sababu yule wa kuja, yule asiye na wa kumtambulisha, yule uliyemkata pale kwenye jiwe, ni mimi!"

Tone likadondoka. Bi Kinuyo aliweka kikombe chini, akamtazama kuanzia kwenye kitambaa cha kichwani mpaka kwenye magoti yenye kahawa.

"Hukusema wakati unanivuta kwenye tundu."

"Ningesema ungekubali nikushike?"

"Nisingekubali. Ningelala humo." Akachukua mkoba. "Sisemi niko upande wako. Ila nimezungushwa mji mzima kama kifurushi, sasa naanza kutaka kujua kwa nini. Kimbia."

Shunpei alikimbia. Jamani alikimbia! Watalii wamevaa vimono vya kukodi, wamejaa njia nzima, kila mmoja ananyoosha simu juu. Wakasimama maharusi katikati ya daraja kupigwa picha, mpiga picha anasema kidevu juu, kidevu chini.

"Pisheni!" Shunpei akapiga kelele.

"Subiri, hii ya mwisho!"

"Ya mwisho mlisema nikiwa kule juu!"

"Pisheni, wanangu," Bi Kinuyo akaita kutoka kwenye kiti, akitabasamu. "Mmependeza hasa. Hata mto umeshachoka kuwaangalia."

Bwana harusi akaona haya, akavuta mkono wa mkewe, wakapisha. Riksho ikapita.

Uchochoro wa Shirakawa. Mierebi. Harufu ya soya iliyochemshwa. Mlango wa Okuda ule pale mwisho, na mbele yake mawe ya kupitia.

Yalikuwa na maji! Yamekolea weusi, yanang'aa.

"Yana maji!" Shunpei akateremsha mipini ya riksho, karibu amrushe mama wa watu. "Umeona? Ananisubiri! Daigo kafikisha!" Akaruka hatua ya kwanza, akaruka ya pili.

"Simama!" Bi Kinuyo alisema nyuma yake. Safari hii sauti haikuwa laini. "Angalia chini."

Juu ya jiwe la tatu, katikati kabisa ya njia, palikaa jiwe jingine dogo, la ukubwa wa ngumi, limefungwa msalaba kwa kamba nyeusi.

Mtu wa mji huu hahitaji kuambiwa. Jiwe la namna hiyo likiwekwa njiani, mwisho wako ni hapo. Mtoto anaweza kuliruka, ni dogo hivyo. Haruki mtu. Mlevi akilikuta anageuza.

Maji yanasema njoo. Jiwe linasema rudi. Shunpei alichuchumaa, akalitazama lile fundo.

Masikio mawili ya sungura. Moja limekunjwa kwa ndani.

Pembeni ya kizingiti kulikuwa na viatu vya mvuta riksho, vile vya kitambaa vyenye kidole gumba pembeni, vimepangwa vizuri vikiangalia nje, viatu vya mgeni anayeheshimiwa. Na ndani mtu alicheka. Kicheko alichokizoea, ametembea nacho jua na mvua.

"Daigo," alisema kwa sauti ndogo.

Bi Kinuyo akashuka kwenye riksho mwenyewe. "Umelijuaje jina la mpwa wangu?"

Kabla hajajibu, mlango ukasogea. Chizuru alitoka, ndoo ya mbao mkono mmoja, kata mkono mwingine, macho mekundu. Alimkuta Shunpei amechuchumaa, akasimama.

"Umefuata nini?"

"Chizuru, maji..."

"Hayo nimemwaga kwa hasira. Nilimwaga yakakauka. Nikamwaga tena. Majirani wananicheka, wanauliza nimefungua bwawa? Halafu akaja rafiki yako na hilo jiwe. Akasema limetoka kwako. Akasema umesema tusikutazamie, na umemwachia yeye." Akaitua ndoo kwa kishindo. "Umemwachia! Mimi ni zamu ya riksho, Shunpei? Umechoka, unampa mwenzio anavuta?"

"Muongo! Sijatuma kitu! Nilimtuma akwambie unisubiri!"

"Nikuamini?"

"Fundo hili ni la kwake! Angalia! Hakuna mwingine anayefunga hivi!"

Chizuru hakuliangalia jiwe. Aliangalia nyuma ya Shunpei, akanyoosha kata. "Na lile pale?"

Shunpei akageuka. Kwenye turubai la riksho yake mwenyewe, inaning'inia juani, kamba ile ile nyeusi. Masikio mawili. Moja limekunjwa.

Kule hekaluni! Alikuwa ameshukuru kabisa. Alitaka hata kumkumbatia!

"Alifunga yeye," alisema. Hata masikioni mwake mwenyewe lilisikika kama neno la mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Chizuru!" Mzee Okuda aliita kutoka ndani. "Nani huyo mlangoni? Njoo, mgeni kikombe chake kimekauka. Nataka nimpe jibu lake mbele yako."

Jibu lake!

Bi Kinuyo alikuwa ameshainama. Aliliokota lile jiwe, akapitisha kidole fundoni, pole pole, kama mtu anayepapasa kovu. Uso ukambadilika. Akamsogelea Shunpei karibu sana, Chizuru asisikie.

"Nilimfundisha mimi," alinong'ona. "Akiwa mdogo. Tulikuwa tunafunga vikasha vya chai, mimi na yeye. Mtu mwingine akifungua, ukiona fundo unajua."

"Basi mwambie!" Shunpei alimshika mkono. "Mwambie Chizuru! Mwambie mzee! Neno moja tu, mama!"

Ndani, sauti ya Daigo, tamu, haina wasiwasi: "Shangazi? Ni wewe? Ingia basi, tunakusubiri wewe tu."

Bi Kinuyo alimtazama Shunpei. Akautazama mlango, ambako alikuwa amekaa mtoto aliyemlea. Akalirudisha lile jiwe chini, pale pale lilipokuwa, akalinyoosha likae sawa.

"Mama! Sema!"

Akainua pindo la kimono. Na yeye, mwanamke wa Kyoto tangu bibi wa bibi yake, akaliruka lile jiwe.

Akamshika Chizuru kiwiko, akamwingiza ndani. Ndoo ikabaki kizingitini. Mlango ukasogezwa, ukafungwa mpaka mwisho.

Shunpei alibaki nje amesimama na mikono mitupu. Ndani hakikusikika hata kicheko; kama mama ameingia kumfichua Daigo au kumkamilishia posa, hakujua. Mbele ya miguu yake, kuanzia kwenye kingo, mawe yalikuwa yanakauka.